Maporomoko ya ardhi na usalama wa mabomba yaliyofukiwa katika Mlima Kilimanjaro

Maporomoko ya ardhi ni mwendo wa udongo, mawe au tope kushuka mteremko kwa nguvu ya uzito wake. Mwendo huo unaweza kuwa wa ghafla, kama tope linaloteremka bondeni usiku wa mvua, au wa polepole kiasi kwamba wakazi hawautambui kwa miaka. Bomba lililofukiwa katika ardhi ya namna hiyo huvutwa, hubanwa, hupindwa au hukatwa pamoja na udongo ulioligandama.

Katika mkoa wa Kilimanjaro nchini Tanzania suala hili linahusu hasa mabomba ya maji. Mkoa huo haupitiwi na bomba kubwa la gesi asilia. Gesi ya kupikia hufika Moshi ikiwa katika mitungi. Hata hivyo kanuni za ardhi ni zilezile kwa bomba la maji, la mafuta na la gesi. Linalotofautiana ni matokeo: bomba la maji likikatika huacha vijiji bila maji na huweza kuongeza poromoko lenyewe, ilhali bomba la gesi likikatika huweza kulipuka.

Kufukia bomba hakulilindi dhidi ya poromoko. Udongo wa juu hulikinga bomba na jembe, magari, jua na wezi. Lakini ardhi yote ikihama, bomba huhama nayo.

## Mlima, mvua na udongo

Kilimanjaro ni mlima wa volkeno wenye urefu wa mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Uliundwa na vilele vitatu: Shira, Mawenzi na Kibo. Miteremko yake ina tabaka za lava ngumu, majivu ya volkeno na mawe yaliyobebwa na tope la zamani. Mahali pengi miamba ya juu imeoza kwa muda mrefu na kuwa udongo mzito wenye rutuba.

Mpangilio huo wa tabaka ni muhimu. Maji ya mvua hupenya kwa urahisi katika majivu na udongo laini, kisha hukwama yanapofika kwenye lava isiyopitisha maji au kwenye tabaka la mfinyanzi. Hapo hutiririka kwa chini na kutokea ubavuni kama chemchemi. Mahali hapohapo udongo wa juu huweza kupoteza mshiko wake na kuteleza.

Mteremko wa kusini, unaotazama Moshi, hupata mvua nyingi kuliko wa kaskazini. Katika ukanda wa msitu mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, wakati mji wa Moshi, ulio chini zaidi, hupata chini ya nusu ya kiasi hicho. Mvua kubwa ni za masika, kati ya Machi na Mei. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba.

Mito kama Karanga, Weruweru, Kikafu na Rau imechonga makorongo marefu yanayoshuka kutoka msituni. Kati ya korongo na korongo kuna migongo ya ardhi, na juu ya migongo hiyo ndiko kuliko vihamba: mashamba ya nyumbani yenye migomba, kahawa na miti mirefu. Juu ya mgongo mteremko si mkali sana. Hatari kubwa ipo kwenye kingo, pale ardhi inapoangukia korongoni.

Mkoa huo umeshapata msiba mkubwa wa aina hiyo. Mnamo Novemba 2009 poromoko lilifukia nyumba katika eneo la Mamba Miamba, wilaya ya Same, kwenye Milima ya Pare, na kuua watu zaidi ya 20. Nje ya mkoa, tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang, ambao pia ni wa volkeno, yaliteremka hadi mji wa Katesh mkoani Manyara na kuua watu zaidi ya 80.

## Mabomba ya mteremko wa kusini

Kabla ya mabomba, Wachagga walisafirisha maji kwa mifongo, yaani mifereji ya udongo iliyochepushwa kutoka mitoni na kupitishwa kandokando ya makorongo hadi kwenye vihamba. Mfongo ukibomolewa na poromoko, wenye zamu ya maji waliuchimba upya kwa kuupeleka ndani zaidi ya mlima. Mfereji uliweza kuhamishwa kwa majembe katika siku chache.

Bomba halihamishwi kwa urahisi huo. Mji wa Moshi hupata sehemu ya maji yake kutoka chemchemi za Nsere na Shiri kupitia Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Moshi (MUWSA). Katika wilaya ya Hai ilijengwa miradi mikubwa ya maji ya mtiririko, ikiwemo Uroki–Bomang'ombe, Lyamungo–Umbwe na Losaa–KIA. Miradi ya namna hiyo huchukua maji juu, karibu na msitu, na kuyapeleka tambarare bila pampu.

Mtiririko huo huokoa gharama za umeme, lakini huleta shinikizo. Kila mita 10 za kushuka huongeza shinikizo la maji kwa takriban baa 1. Maji yakishuka mita 300 ndani ya bomba moja bila kupumzishwa, sehemu ya chini hubeba baa 30 hivi, wakati mabomba mengi ya plastiki hutengenezwa kwa baa 6, 10 au 16. Kwa sababu hiyo hujengwa matenki madogo ya kupunguza shinikizo njiani. Poromoko likihamisha tenki moja kati ya hayo, au likiharibu valvu yake, sehemu ya chini ya njia inaweza kuelemewa hata kama haikuguswa na udongo.

## Aina za mwendo wa ardhi

Si kila poromoko huumiza bomba kwa namna moja. Aina zinazohusika zaidi katika miteremko ya volkeno ni hizi:

* Mtambao wa udongo: tabaka la juu hushuka milimita au sentimita chache kwa mwaka. Nyumba husimama, mazao huota, lakini bomba hujikusanyia mkazo mwaka baada ya mwaka.
* Mtelezo wa pande kubwa: sehemu ya mteremko hukatika na kushuka ikiwa nzima, mara nyingi juu ya uso wenye umbo la kijiko. Uso huo unaweza kuwa mita kadhaa chini, hivyo bomba lililofukiwa mita moja hubebwa lote.
* Mtiririko wa tope: udongo uliojaa maji hukimbia korongoni pamoja na magogo na mawe. Huvunja nguzo za mabomba yanayovuka mito na huzika mabanio.
* Kuanguka kwa mawe: jiwe kutoka kwenye jabali hupiga bomba lililo wazi au kulibonyeza lililofukiwa kina kifupi.
* Kuliwa kwa kingo: mto hula mguu wa mteremko mpaka ardhi ya juu inakosa egemeo. Bomba hubaki likining'inia bila udongo chini yake.

## Jinsi bomba linavyoumia

Jambo la kwanza ambalo wahandisi hutazama ni mwelekeo wa bomba ukilinganishwa na mwelekeo wa ardhi inayohama.

### Bomba linaloshuka pamoja na mteremko

Udongo ukishuka huku bomba likiwa limeshikiliwa juu na chini katika ardhi tulivu, msuguano hulivuta bomba kwenda chini. Upande wa juu wa poromoko bomba hunyooshwa. Upande wa chini hubanwa. Kwa sababu hiyo bomba moja linaweza kukatika juu kwa kuvutwa na kukunjamana chini kwa kubanwa, wakati katikati yake liko salama.

Mkunjo wa kubanwa ni hatari iliyojificha. Ukuta wa bomba la chuma hujikunja kama mkono wa shati uliosukumwa juu. Huenda usivuje siku hiyo, lakini chuma kimeshapoteza umbo lake, rangi ya kinga imepasuka, na kutu huanzia hapo.

### Bomba linalokatiza mteremko

Ardhi ikilisukuma bomba ubavuni, bomba hupinda kama kamba ya upinde. Mkazo mkubwa huwa kwenye mipaka miwili ya poromoko, pale udongo unaohama unapokutana na udongo uliotulia. Bomba hupindwa na kukatwa kwa wakati mmoja katika urefu mfupi. Kwa hiyo, kwa kiasi kilekile cha mwendo, poromoko jembamba lenye mipaka mikali huweza kuwa baya kuliko poromoko pana ambalo mwendo wake huongezeka taratibu.

Umbo la Kilimanjaro huchanganya hali hizi mbili. Bomba kuu linalofuata mgongo wa ardhi kutoka msituni huonekana kwenye ramani kama linashuka sawasawa na mlima. Lakini likikaribia ukingo wa korongo, ardhi inayolihatarisha haiendi Moshi. Inaelekea korongoni, yaani ubavuni mwa bomba. Kwa hiyo umbali wa bomba kutoka ukingo unaweza kuwa na uzito kuliko ukali wa mteremko wa mlima kwa jumla.

### Bomba lililobaki bila egemeo

Udongo wa chini ukiondoka, kipande cha bomba huwa kama daraja. Hubeba uzito wake, uzito wa maji yaliyomo na udongo uliobaki juu yake. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa huwa na uzito wa tani 2 hivi. Bomba la maji huelemewa upesi kuliko la gesi, kwa kuwa gesi ni nyepesi. Lakini bomba la gesi tayari hubeba shinikizo kubwa la ndani.

### Mfano wa hesabu

Mfano ufuatao unaonyesha kwa nini mwendo mdogo hutosha kuleta madhara. Bomba la chuma linashuka mteremko, na ardhi imelivuta kwa sentimita 10.

Kama mvuto huo umegawanyika sawasawa katika mita 100, bomba limerefuka kwa sehemu 1 katika 1,000. Kwa chuma, hali hiyo huleta mkazo wa takriban megapaskali 200. Chuma cha mabomba makubwa ya gesi mara nyingi huweza kuhimili karibu megapaskali 450 kabla ya kubadilika umbo moja kwa moja. Bomba bado ni zima, lakini karibu nusu ya uwezo wake imeliwa na ardhi, na shinikizo la ndani linadai sehemu yake pia.

Kama sentimita 10 hizohizo zimekusanyika katika mita 10 tu, bomba limerefuka kwa sehemu 1 katika 100. Hapo chuma kimeshavuka kiwango chake cha kujirudi na hakitarejea kilivyokuwa. Kama kuna kasoro katika mshono wa kuchomelea, panaweza kukatika.

Kwa hiyo swali si ardhi imehama kiasi gani tu, bali mwendo huo umegawanyika katika urefu gani wa bomba.

## Aina ya bomba na viungio vyake

Mara nyingi kinachoshindwa kwanza ni kiungio, si bomba lenyewe.

* PVC huuzwa kwa kawaida katika vipande vya mita 6 vinavyounganishwa kwa ringi ya mpira au gundi. Kiungio cha ringi huzuia maji vizuri, lakini hakishiki bomba lisivutwe. Ardhi ikihama kwa sentimita chache tu kipande huweza kuchomoka. Aidha PVC huwa ngumu na huvunjika kwa kupigwa na jiwe.
* Polietilini huunganishwa kwa kuyeyushwa, hivyo njia nzima huwa kama kamba moja. Hunyumbulika na huweza kurefuka sana kabla ya kukatika. Kwa sababu hiyo hufaa zaidi mahali ambapo ardhi hutambaa, kama viungio vimeyeyushwa ipasavyo.
* Mabomba ya chuma ya kukazwa kwa nati yana nguvu, lakini nati ni sehemu dhaifu: chuma kimepunguzwa unene hapo, na kutu hushambulia kwanza.
* Chuma cha kuchomelewa hutumika kwa gesi na mafuta, na kwa maji yenye shinikizo kubwa. Huhimili kupinda kwa kiasi kikubwa kama mishono ni mizuri. Mshono mbovu huondoa faida yote hiyo.

Mchanganyiko wa aina hizi katika njia moja huleta udhaifu wake. Mahali polietilini inapoungana na chuma kilichojengewa zege, upande mmoja hufuata ardhi na mwingine hukataa. Kukatika hutokea mpakani, mara nyingi kando kabisa ya ukuta wa tenki au chemba ya valvu.

## Bomba kama chanzo cha poromoko

Uhusiano wa poromoko na bomba la maji ni wa pande mbili. Bomba linalovuja huulowesha mteremko mchana na usiku, hata wakati wa kiangazi. Tundu linalotoa lita moja kila sekunde 10 humwaga lita 8,640 kwa siku, na zaidi ya lita 60,000 kwa wiki.

Maji hayo hujaza nafasi zilizo kati ya chembe za udongo. Shinikizo lake husukuma chembe zisigandamane, na mshiko wa udongo hupungua bila uzito wake kupungua. Mteremko uliosimama kwa miaka mingi unaweza kuteleza kwa sababu hiyo hata kabla ya masika kuanza.

Mtaro ambamo bomba lilizikwa huongeza tatizo. Udongo wa kufukia huwa laini kuliko wa pembeni, hivyo maji ya mvua huingia na kufuata mtaro kama mfereji wa chini kwa chini. Mtaro unaoshuka mteremko bila vizuizi hupeleka maji hayo yote hadi mahali pamoja, mara nyingi kwenye kona ya bomba au ukingo wa korongo.

Hapo huanza mzunguko mbaya: ardhi hutambaa kidogo, kiungio hulegea, maji huvuja, udongo hulowa, ardhi hutambaa zaidi. Fundi anayekaza kiungio bila kuuliza kwa nini kililegea huirudia kazi hiyohiyo msimu unaofuata. Kiungio kinachovuja mara kwa mara mahali palepale ni dalili ya ardhi kuliko ya bomba.

## Tofauti ya mabomba ya gesi

Tanzania ina mabomba makubwa mawili ya gesi asilia yanayofika Dar es Salaam. La kwanza, kutoka Songo Songo, lilianza kazi mwaka 2004. La pili, kutoka Mtwara, lilizinduliwa mwaka 2015, na bomba lake kuu lina kipenyo cha inchi 36. Yote mawili hupita zaidi katika nyanda za pwani, ambako hatari kubwa zaidi ya ardhi ni mito na mafuriko, hasa katika bonde la Rufiji. Bomba la mafuta la TAZAMA, lililokamilika mwaka 1968 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola nchini Zambia, ndilo linalopanda nyanda za juu za kusini.

Gesi katika bomba kuu husafirishwa kwa shinikizo la makumi ya baa. Tofauti na maji, gesi iliyobanwa huhifadhi nguvu nyingi. Ufa ukianza, gesi haimaliziki mara moja. Huendelea kusukuma, na ufa huweza kukimbia kando ya bomba. Ikikutana na cheche huwaka kwa moto mkubwa. Valvu zikifungwa pande zote mbili, gesi iliyobaki katikati huendelea kutoka hadi iishe.

Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa na hupanda juu inapokuwa wazi. Gesi ya mitungi inayotumika Moshi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja katika nyumba iliyo mteremkoni hushuka na kutuama katika mitaro, mashimo na vyumba vya chini. Kwa hiyo bomba fupi linalotoka kwenye mtungi mkubwa wa hoteli au shule kwenda jikoni linastahili uangalifu uleule: ukuta au ardhi ikihama, kiungio kigumu hukatika kabla ya bomba linaloweza kujipinda.

## Mifano kutoka nchi nyingine

Tarehe 5 Machi 1987 matetemeko ya ardhi yalitikisa Ekuador karibu na volkeno ya Reventador. Miteremko ilikuwa na udongo wa volkeno uliolowa kwa mvua nyingi. Maporomoko na tope viliharibu makumi ya kilomita za bomba kuu la mafuta la nchi hiyo, na mauzo ya mafuta nje yalisimama kwa miezi. Katika eneo hilohilo, mwezi wa Aprili 2020, mmomonyoko wa mto Coca uliangusha kingo na kukata mabomba ya mafuta. Mfano huu unakaribiana na hali ya Kilimanjaro: mlima wa volkeno, udongo uliolowa na mto unaokula mguu wa mteremko.

Nchini China, tarehe 2 Julai 2017, poromoko lililofuata mvua lilikata bomba la gesi katika wilaya ya Qinglong, jimbo la Guizhou. Moto uliotokea uliua watu 8.

Nchini Marekani mwaka 2018 mabomba mawili mapya yalipasuka kwa ardhi kuteleza. La kwanza, lenye inchi 36, lilipasuka tarehe 7 Juni karibu na Moundsville, West Virginia; lilikuwa limeanza kazi mwanzoni mwa mwaka huohuo. La pili lilipasuka tarehe 10 Septemba katika wilaya ya Beaver, Pennsylvania, siku chache tu baada ya kuanza kutumika, na nyumba moja iliteketea. Mabomba hayo hayakuwa yamezeeka. Mteremko uliochimbwa ili kuweka bomba huwa dhaifu zaidi katika misimu ya kwanza ya mvua, kabla udongo haujashikamana na majani hayajaota.

## Dalili za tahadhari

Maporomoko mengi hutanguliwa na dalili ambazo wakazi huziona kabla ya wataalamu:

* nyufa ndefu ardhini zinazokatiza mteremko, hasa zenye umbo la upinde;
* miti, nguzo za umeme au uzio kuinama; safu ya masale iliyopandwa mpakani ikiwa imenyooka, kisha ikapinda;
* milango na madirisha kuanza kukwama, na nyufa mpya ukutani;
* chemchemi mpya kutokea, au ya zamani kukauka ghafla;
* maji ya bomba kuwa na tope bila sababu ya wazi;
* presha kushuka upande wa chini wa njia wakati tenki la juu limejaa;
* ukanda wa majani mabichi juu ya bomba wakati wa kiangazi.

Dalili mbili za mwisho zinahusu kuvuja zaidi, lakini katika mteremko kuvuja na kuhama kwa ardhi havitenganishwi.

Vipimo vya kitaalamu ni pamoja na vigingi vinavyopimwa kila msimu, mirija ya kupima mwinamo iliyozikwa ardhini, visima vidogo vya kuangalia kina cha maji, na vipimo vya mkazo vilivyobandikwa kwenye bomba. Mabomba makubwa ya gesi hupitishiwa kifaa cha ukaguzi kinachosukumwa na gesi yenyewe, ambacho hugundua mikunjo na mabadiliko ya umbo. Setilaiti za rada huweza kupima mwendo wa ardhi wa milimita kwa mwaka, ingawa migomba na miti mingi ya vihamba hupunguza usahihi wake.

## Njia za kinga

Kinga bora ni kuchagua njia. Bomba hupitishwa katikati ya mgongo wa ardhi badala ya ukingoni, na huvuka korongo mahali penye mwamba imara. Poromoko la zamani huepukwa hata kama limeota msitu, kwa kuwa ardhi iliyowahi kuteleza huteleza tena kwa urahisi zaidi. Kama haliepukiki, ni afadhali bomba lilipite kwa njia fupi na ya moja kwa moja.

Kinga ya pili ni maji. Mifereji ya juu hukusanya mvua kabla haijaingia kwenye nyufa. Ndani ya mtaro wa bomba huwekwa vizuizi vya mifuko ya mchanga au udongo mzito kila baada ya umbali fulani, na maji hutolewa pembeni hadi mahali salama. Mara nyingi kuutoa mteremko maji ni rahisi kuliko kuuzuia kwa ukuta. Ukuta wa mawe usio na matundu ya kutolea maji huweza kusukumwa na maji yaliyokusanyika nyuma yake.

Kinga ya tatu ni kulipa bomba nafasi ya kusogea. Katika eneo linalotambaa hutumika mtaro mpana uliojazwa mchanga mlegevu, bomba linalonyumbulika, na kona chache. Wakati mwingine bomba huwekwa juu ya ardhi kwenye vishikizo vinavyoteleza. Bomba lililokwisha kukusanya mkazo huweza kufukuliwa, likaachwa lijirudi, kisha likafukiwa upya. Lakini nafuu hiyo ni ya muda kama ardhi inaendelea kuhama. Kuongeza kina kwa nusu mita hakusaidii kama uso wa mtelezo uko mita tano chini. Panapohitajika sana, bomba hupitishwa kwa kuchoronga chini ya uso huo.

Kinga ya nne ni mimea na matumizi ya ardhi. Mizizi hushika tabaka la juu na miti hunyonya maji. Mizizi haizuii mtelezo wa kina kirefu, lakini hupunguza maporomoko madogo ambayo ndiyo mengi. Kuchimba mchanga au moramu chini ya mteremko huondoa egemeo lake, na kurundika kifusi juu huongeza uzito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Sharti hilo, likifuatwa, hulinda pia mabomba yanayovuka mito hiyo.

Mwisho ni valvu. Valvu zilizowekwa juu na chini ya eneo la hatari huwezesha kukata maji au gesi upesi. Katika bomba la maji faida yake ni mbili: hupunguza upotevu, na huzuia maji kuendelea kulowesha ardhi iliyoanza kuteleza. Valvu isiyofunguliwa wala kufungwa kwa miaka mingi huweza kukwama siku inapohitajika.

## Wahusika

Katika mkoa wa Kilimanjaro maji ya Moshi na maeneo ya jirani husimamiwa na MUWSA, na ya vijijini na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, pamoja na vyombo vya watumiaji maji. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, husimamia vyanzo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua na tahadhari za mvua kubwa. Kwa gesi, mmiliki wa bomba la Mtwara ni Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC), na udhibiti wa huduma za nishati na maji ni kazi ya EWURA.

Taarifa ya kwanza, hata hivyo, hutoka kwa wenye vihamba. Ufa mpya mgombani, ukifika kwa fundi wa maji kabla ya masika, huweza kuokoa bomba. Ukifika kwa serikali ya kijiji, huweza kuokoa nyumba zilizo chini yake.

## Tazama pia

* Mlima Kilimanjaro
* Mkoa wa Kilimanjaro
* Wachagga
* Mmomonyoko
* Volkeno
* Gesi asilia